Maji ya Kuchujia

Zita alikuwa na kioo kimoja tu nyumbani, kipande kilichobaki baada ya kioo kizima kuanguka wakati wa matanga ya mumewe, na hakuwa mtu wa kukitazama mara kwa mara. Uso wake aliujua. Lakini asubuhi ile ya Julai mwaka 2006, ukungu umeshuka mpaka ndani ya migomba ya Kibosho na baridi inauma vidole, alikishusha kutoka dirishani kwa sababu mkojo wake ulikuwa umegeuka rangi ya chai kavu. Alivuta kope ya chini ya jicho la kulia. Kisha la kushoto. Pale palipotakiwa kuwa peupe palikuwa manjano, manjano ya ndizi iliyoiva mpaka inaanza kunukia.

Alikirudisha kioo mahali pake, akakigeuza kitazame ukuta kana kwamba chenyewe ndicho chenye makosa. Halafu akachukua khanga, akajifunga kichwani na kuishusha mpaka kwenye nyusi. Mtu mwingine angeogopa ugonjwa. Zita na ugonjwa walikuwa wamezoeana. Alichoogopa ni kunyang'anywa vidonge vyake.

Kabla ya kumcheka, ni vizuri kujua alikotoka. Zita aliolewa na Basili wakati kahawa bado ilikuwa inaheshimiwa mlimani, na mama mkwe wake, mwanamke mkali kama pilipili kichaa, alimfundisha kupika mbege kwa kumfinya sikio. Ukweli ni kwamba kila mwanamke wa Kibosho anajua kupika mbege. Lakini kuna kupika, na kuna kupika. Wazee walipita nyumba tatu zenye pombe tayari ili wafike kwa Zita, na wakifika walikuwa hawaondoki mpaka chombo kigeuzwe juu chini. Jina lake lilikuwa kwenye mtungi wake, na yeye alijua hivyo, na usingeweza kumwambia lolote.

Kahawa ilipoanguka bei, Basili aliitazama mibuni ya baba yake mwaka mmoja, mwaka wa pili akaenda Mererani na vijana wenzake kuchimba tanzanite. Alirudi na koti la ngozi, redio, na kikohozi ambacho hakikuwa cha vumbi peke yake. Walimzika kwenye migomba mwaka 1999. Miaka mitano baadaye ikawa zamu ya Zita. Alikonda mpaka pete ya ndoa ikawa inadondoka kwenye unga. Doris, binti yake wa pekee, ndio kwanza alikuwa anamaliza shule ya msingi, na majirani walishaanza kujadiliana kwa sauti ya chini nani atamchukua.

Aliyemwokoa ni Wenseslaus, mdogo wake Basili, kapera sugu mwenye ulimi mkali, aliyekaa ng'ambo ya ua wa masale uliotenganisha viwanja viwili vya ndugu. Siku ya mvua, barabara imekuwa tope tupu na gari lolote halipandi, alimbeba shemeji yake mgongoni mpaka kwenye lami. "Wewe ni mwepesi kuliko mkungu wa ndizi," alimwambia njiani, na Zita akakosa hata nguvu ya kumtukana.

Hospitalini mjini walikuta kitu kipya. Dawa ambazo zamani zilikuwa za watu wenye ndugu Ulaya sasa zilikuwa zinatolewa bure kwa mtu yeyote, hata mpika mbege wa Kibosho. Zita alimeza bila kuamini. Wiki zikapita. Asubuhi moja akaomba mtori, supu laini ya ndizi. Baada ya siku chache akaomba kiburu, ndizi na maharage, chakula cha mtu mwenye meno na nia, na Wenseslaus alipokipika na kumletea, mgonjwa akakionja na kusema hakina chumvi. Yule mwanamume akatoka nje, akasimama nyuma ya banda la ng'ombe, akalia kama mtoto. Nywele zikaota. Siku zake za mwezi zilizopotea zikarudi. Akabeba ndoo, kisha mkungu, kisha akaanza tena kukoroga mbege kwa mikono yake miwili.

Hakuzoea kamwe. Kila asubuhi aliweka kidonge kiganjani na kukitazama kwanza, kitu kidogo kuliko punje ya hindi, akashangaa kilivyoujua mwili wake kuliko yeye mwenyewe alivyoujua. Kanisani alikuwa amefundishwa tangu utoto kwamba kitu kidogo cheupe kinaweza kubeba uzima, na sasa alikuwa na kingine cha nyumbani. Alikuwa hamwambii padre jambo hilo, asije akaeleweka vibaya.

Masharti aliyopewa na nesi Brenda, binti mchangamfu wa pale kliniki, aliyashika kuliko amri kumi. La kwanza: usiruke hata kidonge kimoja, maana ukiruka mdudu anajifunza ujanja. La pili: maji yako ya kunywa yachemshe, kinga yako bado ni changa. Zita akatenga sufuria ya maji ya kunywa, akaifunika kwa kitambaa cheupe, na ole wake mtu atakayechota humo na kikombe cha mkononi. Majirani wakamwita Mzungu. La tatu: kila mgonjwa awe na mtu wa kumkumbusha. Huyo akawa Wenseslaus. Asubuhi na jioni alisimama kwenye masale na kupaza sauti, "Shemeji, umekula?" Naye akajibu, "Nimekula." Kijiji kizima kilimsifu kwa jinsi anavyomjali mjane wa kaka yake asilale njaa. Kijiji kizima kiliamini Zita alipona kifua kikuu, na watu hao wawili wakaliacha liaminike hivyo.

Kwa hiyo sasa unaelewa kwa nini khanga ilishuka mpaka kwenye nyusi.

Lakini kliniki ina siku zake, na Jumanne ikafika. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Daktari Elimringi, mtu wa Machame, mrefu, mpole, alizungumza naye kidogo kuhusu migomba, halafu bila kubadilisha sauti akasema, "Mama Doris, hebu inua hiyo khanga."

Zita akainua.

Daktari akamtazama macho yote mawili. Akambonyeza chini ya mbavu za kulia, Zita akaguta. Akamuuliza habari ya kichefuchefu, ya uchovu, ya mkojo, naye akajibu yote kwa ukweli maana kudanganya kulikuwa kumekwisha.

"Ini lako limewaka," daktari alisema. "Katika dawa unazomeza kuna moja ambayo kwa baadhi ya watu hulichoma ini. Tukiendelea nayo inaweza kukuua. Kuanzia leo utaacha. Zote."

"Mlisema nisiruke hata kimoja."

"Tulisema."

"Mlisema mdudu anajifunza."

"Ni kweli, mama. Ila ini likifa, hatutakuwa na mtu wa kumpa dawa." Akanyoosha mkono. "Nipe ulizo nazo. Uje Jumanne ijayo, tupime tena."

Daktari alikuwa ameusoma uso wake vizuri: zikibaki kwake angezimeza. Zita alitoa kopo lake kwenye mkoba, akaliona linaingia kwenye droo, akasikia ufunguo ukizunguka. Nje Brenda alimshika bega na kumwambia maneno mazuri ambayo hakuyasikia. Alichokuwa anakisikia ni majirani wakijadiliana nani atamchukua Doris. Binti alikuwa kidato cha pili sasa, bwenini, anaandika barua zenye makosa machache kuliko mwaka jana, na Zita alikuwa amejipa ruhusa, kwa woga mkubwa, ya kutamani kumwona anamaliza.

Jioni alikaa jikoni kwenye kigoda, mlango wazi, hakuwasha hata moto. Ilipofika saa yake, sauti ikaja kutoka kwenye masale, hafifu kuliko kawaida.

"Shemeji, umekula?"

"Sijala," alisema. "Wamenizuia kula."

Masale yakatikisika. Halafu Wenseslaus akapenya kwenye ua, polepole, ameshika kiuno, na koti lake zito amelifunga mpaka shingoni. Alikuwa amelala ndani kwake kwa siku kadhaa akisema ni malaria, na Zita, katika kuyaficha macho yake, hakuwa amemtazama mtu yeyote machoni. Sasa alimtazama. Akainuka kwenye kigoda, akamshika kidevu kama mtu anayetazama meno ya mbuzi sokoni, akamgeuza kwenye mwanga wa mlangoni uliobaki.

"Mama yangu! Wensi, umemeza nini?"

"Dawa ya malaria. Haikunisaidia kitu."

"Dawa zangu je? Umewahi kuonja dawa zangu?"

"Mimi? Nina wazimu?" Hata katika ugonjwa alichukizwa. "Kwani kuna nini? Niachie kidevu."

Alikuwa wa manjano. Macho, kaakaa, viganja. Zita akamwachia akarudi kukaa. Mtu huyu hakuwahi kumeza kidonge kimoja cha kurefusha maisha, na ini lake lilikuwa limewaka kama la kwake. Kumbe basi huenda si vidonge. Akamuuliza kuna nani mwingine. Wenseslaus akakaa chini, akafikiri, na majina yakaanza kutoka. Tito wa mteremkoni alikuwa na macho hayo, wenzake wanamtania kwamba ameoa nazi ya manjano. Monica, mke wa katekista, alikuwa anatapika. Na wazee wawili wa upande wa juu, walisema ni malaria ya baridi.

"Na kwa Elifuraha?"

"Kwa walokole? Wazima kabisa. Jana nimemsikia anaimba."

Hapo ndipo Zita alipouona mtungi wake mwenyewe.

Mwezi Mei, mvua za masika zilipokuwa zinamalizika, kijiji kilikuwa na siku ya kusafisha mfongo, ule mfereji wa mababu unaotoa maji msituni na kuyateremsha kiwanja hadi kiwanja. Siku hiyo kila nyumba hutoa mtu na jembe, na kazi ikiisha wafanyakazi hunyweshwa. Mwaka huu mpishi alikuwa yeye. Familia ya Elifuraha ilifanya kazi kutwa kama wengine, ila wao wameokoka, walikuja na chupa yao ya chai. Wengine wote walikunywa kwake.

Na mbege hupikwaje? Ndizi mbivu huchemshwa mpaka ziwe nyekundu, huachwa zikae siku kadhaa zichachuke. Ulezi uliooteshwa husagwa na kupikwa uji. Moto kila mahali, kuni kila mahali, ndiyo maana watu husema mbege imepikwa, na kitu kilichopikwa hakina wadudu. Lakini katikati kuna hatua moja ambayo haina moto. Zile ndizi zilizochachuka hutiwa maji ya baridi, hukorogwa, huchujwa. Maji mengi, ndoo kwa ndoo. Nusu ya mbege ni maji ya kuchujia, na tangu Wachagga wawe Wachagga hakuna mwanamke aliyeyachemsha.

Siku ya kuchuja bomba lilikuwa halitoi, mvua ilikuwa imelivunja. Wakachota kwenye mfongo. Yalikuwa na rangi kidogo, akayaacha yatulie, akachukua ya juu. Zita aliyechemsha maji yake ya kunywa kila siku ya Mungu, aliyewafokea watoto wa watu kwa kugusa kile kitambaa cheupe, hakufikiria hata mara moja kwamba mbege ni maji ya kunywa. Mbege ni mbege. Halafu ilipoiva akafanya kama mila inavyodai: mpishi huonja kwanza mbele ya watu, kata imejaa, ili wajue hakuna sumu, ndipo ampe mkubwa wa siku. Alikunywa ile kata yote, maana alikuwa na kiu na alikuwa na furaha. Daktari angemkaripia kwa pombe yenyewe, na angekuwa na haki.

"Ni mbege yangu, Wensi," alisema.

"Nyamaza. Usiseme neno hilo hata kwa ukuta."

Alikuwa na sababu. Mlimani mpika pombe anayeumiza watu haitwi mzembe, huitwa jina lingine, na jina hilo hurithiwa na watoto. Lakini Zita alikuwa mahali pa ajabu sana rohoni. Alijikuta anaomba kosa liwe lake. Kama si mtungi basi ni vidonge, na kama ni vidonge ameshakufa. Yeye ambaye jina lake lilikuwa kwenye ule mtungi, alikaa pale kwenye kigoda akimwomba Mungu amthibitishie kwamba mtungi ndio uliowatia watu ugonjwa. Alishangaa mtu anavyoweza kuwa na moyo wa namna hiyo, na hakuacha kuomba.

"Kesho tunashuka mjini wote wawili," alisema. "Daktari akuone."

"Nikae kwenye lile benchi lenu?" Wenseslaus alitikisa kichwa. "Shemeji, kabla hatujapanda kurudi, Kibosho nzima itajua na mimi ninao."

"Watasema hivyo, ndiyo."

Wenseslaus akafungua koti, akapapasa kola yake. "Basi niandalie cha kuvaa," alisema. "Shati langu lina kola mbovu."

Walikaa kwenye benchi kutwa nzima, maana haikuwa siku ya Zita. Mtu wa kwao alipita, akawaona, akasalimia kwa adabu kubwa mno. Daktari Elimringi alipowaita alitazama macho ya mmoja, akatazama ya mwingine, akafunga mlango. Alimpima Wenseslaus damu palepale kwa ruhusa yake: virusi hana. Akavuta kiti akakaa karibu nao.

"Wangapi wengine?" aliuliza.

Wakamwambia.

"Sasa nataka mnisaidie. Msinipe habari za jana wala juzi. Nipeni za mwezi uliopita na wa kabla yake. Mlikula nini au mlikunywa nini pamoja?"

Zita alikuwa ameyapanga maneno yake njiani, yote yakapotea. Alisema tu, "Nilipika mbege, daktari. Nikaichuja na maji ya mfongo. Niliwapa wote."

Alisimulia hatua zote, za moto na ile moja ya baridi. Daktari, ambaye bibi yake mwenyewe alikuwa mpishi huko Machame, aliacha kuandika. Kisha akawaeleza taratibu. Kuna homa ya ini inayosafiri kwenye maji yaliyoingiwa na kinyesi, na hata nguruwe huibeba. Inaitwa aina ya E. Hukaa mwilini wiki nyingi kimya kabla ya kujionyesha, ndiyo sababu mtu hakumbuki alipoipata. Haina dawa. Kipimo chake hapa hakuna, atapeleka damu zao nje kwa watu wa utafiti, majibu yatachukua miezi.

"Na kwa mtu kama mimi?" Zita aliuliza.

"Kwa mtu kama wewe," daktari alisema, "vitabu nilivyosoma havijaandika. Sitakudanganya. Sijui." Akasimama, akatoa ufunguo mfukoni, akafungua droo. "Lakini najua hivi. Kama kosa ni la maji, mimi kukuzuilia dawa ni kukuua kwa mkono wangu. Hii moja ninayoishuku kwa ini nitaibadilisha. Nyingine unaanza jioni ya leo. Kila wiki nataka kuona damu yako. Na pombe, mama, usiiguse, hata kuonja."

Zita alipokea kopo kwa mikono miwili. Akalitia mkobani, mkoba akaukumbatia.

"Jambo moja zaidi," daktari alisema wakiwa mlangoni. "Ugonjwa huu una ukatili wa pekee kwa mama mjamzito. Unaweza kuchukua wawili kwa siku moja. Kama kuna mjamzito anayekunywa maji ya mfongo huo, aambiwe leo, sio kesho."

Walikuwepo. Mmoja alikuwa Veronika, mke wa Tito, tumbo limeshamtangulia.

Habari za benchi zilifika Kibosho kabla yao. Walipopanda, watu waliokuwa wamekaa kwenye ukingo wa mfongo wakahama kidogo kumpisha Wenseslaus, nafasi kubwa kuliko aliyoihitaji; Zita walimdhania msindikizaji tu. Aliyaona hayo. Hata kwa jicho hakumwonyesha Zita kwamba ni kwa ajili yake. Mtu mwenye ulimi ule, aliyeweza kuwamaliza wote kwa sentensi moja ya kweli, aliufunga mdomo akaelekea kwake.

Zita akatazama mgongo wake ukiingia kwenye migomba. Ndipo akaenda kwenye ua, akachuma jani la isale, akalifunga fundo kama mama mkwe wake alivyomfundisha, na kurudi kwenye ukingo. Isale halikataliwi. Mtu akikujia na jani hilo mkononi, hata kama amekuulia ng'ombe, utamsikiliza na utamsamehe, la sivyo mababu watakuwa na neno na wewe. Aliwapigia magoti wote waliokuwapo, kutoka kwa mzee wa mfongo mpaka kwa Veronika aliyekuwa amekuja na ndoo.

"Shikamooni wazee wangu. Mbege niliyowapa siku ya mfongo ilikuwa na ugonjwa. Haikuwa sumu, ni maji. Maji haya." Akaonyesha mfereji kwa kidevu. "Mimi niliichuja nayo bila kuyachemsha, na mimi nilikuwa wa kwanza kunywa. Tazameni." Akaivua khanga kichwani, akawaonyesha macho.

Mzee wa mfongo, ambaye macho yake yalikuwa ya manjano pia, alikunja uso. "Nani amekuambia haya?"

Swali lilikuwa rahisi, na jibu lake lilikuwa limefichwa miaka miwili. Zita akaliinua jani juu zaidi.

"Daktari wangu. Mimi nina virusi vya ukimwi, mzee. Basili aliniachia. Nameza dawa asubuhi na jioni. Shemeji yangu hana kitu, alikwenda kukaa kwenye lile benchi kwa ajili yangu, na mmemhama kama mwenye upele. Nisameheni mimi kwa pombe. Yeye mumwombe radhi wenyewe."

Veronika aliyatazama maji ndani ya ndoo yake. Kisha mzee akanyoosha mkono akalipokea jani. "Veronika," alisema bila kumtazama, "mwaga hiyo ndoo."

Asubuhi iliyofuata wanaume wenye nguvu walipanda na majembe kuufuata mfongo. Hawakwenda mbali. Juu ya kona ya pili, ambako majembe ya Mei hayakufika, mvua za masika zilikuwa zimeangusha choo na banda la nguruwe vya mtu mmoja, ukuta umelala ndani ya mfereji, na maji yanapita juu yake yakichekacheka. Zita alipelekwa kuona, akasimama pale muda. Maji hayo yalitoka msituni safi, kunakotoka ukungu na barafu, yakashuka njia yote hiyo bila kumkosea mtu, yakaharibiwa na ukuta mmoja wa udongo usiozidi urefu wa mbuzi. Na yeye aliyekuwa mzima kwa ajili ya kitu kidogo kuliko punje ya hindi, akahisi kwa mara ya kwanza jinsi uzima na ufu vinavyopita kwenye vitundu vidogo sana. Alifanya ishara ya msalaba. Mwenye choo, aliyekuwa karibu, akadhani amelaaniwa, akaanza kujenga siku hiyohiyo.

Veronika alijifungua salama mtoto wa kike. Tito alipata nafuu, na wengine wakamfuata mmojammoja. Hakuna aliyekuja kunywa kwa Zita kwa muda, na walipoanza kurudi wakakuta mbege yake imechujwa kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa usiku kucha. Walilalamika kwamba haina uhai, kwamba inakwenda kooni kama maji ya ubatizo. Wakainywa. Yeye hakuionja tena, alimtafuta mwingine wa kuonja. Wapo ambao hawakurudi kabisa, na si kwa sababu ya maji. Hao Zita aliwatambua na hakuwasumbua.

Kila wiki alishuka kuchotwa damu. Ule umanjano uliondoka kwa utaratibu wake: kwanza kwenye viganja, kisha kwenye kaakaa, mwisho kabisa kwenye macho. Wenseslaus alibaki nao muda mrefu zaidi, akanuna kwa jambo hilo kama aliyeshindwa mbio na kilema.

Majibu kutoka nje yalifika Desemba, wakati wanaokaa Dar na Arusha walishaanza kupanda kurudi nyumbani kwa Krismasi. Daktari Elimringi alimwita Zita ndani, akasimama, jambo ambalo madaktari hawafanyi.

"Ilikuwa aina ya E," alisema. "Wewe na shemeji yako, wote. Na sasa imetoka. Ini lako ni safi."

"Ahsante, daktari. Dawa zenu zimenisaidia tena."

"Dawa gani?"

"Hizi."

"Hizi hazina habari na ugonjwa huo, mama. Hizi zinamzuia mdudu mmoja tu, wa ukimwi. Huu wa ini hatukukupa kitu. Nilikuambia hauna dawa."

Zita alimtazama bila kuelewa. "Sasa nani ameuondoa?"

"Mwili wako."

"Huu?"

"Huo huo. Vidonge viliurudishia nguvu, ndiyo. Lakini vita hivi ulipigana wenyewe, na ukashinda kabla ya shemeji yako."

Zita alijitazama mikono. Kwa miaka miwili alikuwa ameuchukulia mwili huu kama nyumba iliyooza nguzo, inayosimama kwa sababu imeegemezwa miti, na kila asubuhi alikagua miti. Hakuwahi kuuomba ufanye chochote. Alidhani umeshasahau kazi. Kumbe ule muda wote alioficha macho, alioomba jikoni, alioshika jani mbele ya watu, wenyewe ulikuwa ndani huko gizani unafanya kazi yake kimyakimya, kama wa mtu yeyote.

"Hebu sema tena, daktari," alisema.

Daktari akasema tena.

Alipanda Kibosho akiwa hasikii miguu. Wenseslaus alikuwa anakata majani ya ng'ombe, akamwona anakuja kichwa wazi, uso umelowa, akaangusha panga kwa hofu.

"Wamesema nini?"

"Nimeugua kama watu, Wensi," Zita alimwambia. "Nimepona kama watu."